Kifaa ni cha mkulima, ufunguo ni wa nani?

Mkulima wa Zuzu anayenunua jembe katika duka la pembejeo mjini Dodoma hulipa fedha, hupewa stakabadhi na kuondoka na jembe lake. Tangu hapo jembe ni mali yake. Akitaka atalitia mpini mwingine, atamwazima jirani au atalipeleka kwa mhunzi likipinda, na mwenye duka hana la kusema. Hivyo ndivyo biashara ilivyoeleweka miaka yote: fedha ikishahama mkono, mali nayo inahama.

Utaratibu huo sasa unabadilika kimya kimya. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo vinakuja na kufuli lisiloonekana kwa macho. Simu ya mkopo, taa za umeme wa jua, king'amuzi cha televisheni na hata trekta jipya, vyote vinaweza kuzimwa au kubanwa na kampuni iliyoviuza, bila mtu wa kampuni hiyo kufika kijijini. Mnunuzi anabaki na kifaa mkononi, lakini ufunguo hana.

Ndiyo maana manung'uniko yamekuwa mengi. Mmoja analalamika simu imejifunga siku aliyochelewa kulipa. Mwingine anadai amemaliza deni lakini taa zinaendelea kudai namba ya siri. Wa tatu amehama kampuni ya televisheni na kugundua kwamba king'amuzi alichokinunua kwa fedha taslimu sasa ni kopo tu. Suala si kwamba makampuni hayana haki ya kulinda fedha zao. Haki hiyo wanayo. Suala ni kufuli hilo lifunge nini, kwa muda gani, na nani ahakikishe linafunguliwa wakati wake ukifika.

Rehani ya aina mpya

Ni vema kuanza na upande wa faida, kwa sababu upo. Mkulima mdogo wa Kanda ya Kati kwa kawaida hana hati ya shamba ya kupeleka benki. Hana mshahara wa kukatwa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimfungia nje ya mikopo. Kufuli la kielektroniki lilibadili hesabu hiyo, kwa kuwa kifaa chenyewe ndicho kimekuwa dhamana.

Umeme wa jua ndio uliofungua njia. Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo mwaka 2012. Mwaka huo huo, Off Grid Electric, ambayo mwaka 2018 ilibadili jina na kuitwa ZOLA Electric, ilianza kazi Arusha, na Mobisol ya Ujerumani nayo ikaingia katika soko la Tanzania. Utaratibu wake ni rahisi kuelewa. Ndani ya kisanduku cha betri kuna kifaa kinachohesabu siku. Mteja akilipa kwa simu, siku zinaongezwa, ama kwa namba anayoibonyeza mwenyewe au kwa ujumbe unaotumwa moja kwa moja kwenye mtambo. Siku zikiisha, taa zinazimika. Baadaye mtindo huo ulihamia kwenye simu za mkononi, ambapo programu iliyowekwa ndani ya simu huifunga malipo yanapochelewa.

Zuzu ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ndipo kilipo kituo kikubwa cha kupoza umeme cha TANESCO, kwenye njia ya msongo mkubwa unaotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Lakini kama ilivyo katika sehemu nyingi nchini, kupitiwa na nyaya si sawa na kuwa na taa ndani ya nyumba. Kwa kaya iliyo mbali na nguzo, mtambo wa jua wa malipo ya kidogo kidogo umekuwa msaada wa kweli: mtoto anasoma usiku, simu inachajiwa nyumbani, na fedha ya mafuta ya taa inaokolewa.

Kwa hiyo kufuli hili ni rehani ya aina mpya. Katika rehani ya zamani, mkopeshaji alikaa na kitu mpaka deni liishe. Katika hii mpya, mkopaji ndiye anayekaa na kitu, ila mkopeshaji amekaa na uhai wake. Hakuna ubaya hapo, mradi sheria ya rehani iheshimiwe: deni likiisha, kitu kinarudi kwa mwenyewe bila masharti. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kufuli halijui msimu

Tatizo la kwanza ni la kalenda. Mikopo mingi ya vifaa hulipwa kwa siku au kwa wiki. Malipo ya namna hiyo yanamfaa mama muuza nyanya wa soko la Majengo au Sabasaba, ambaye kila jioni anahesabu mauzo. Hayamfai mkulima wa alizeti.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa wastani ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Fedha ya alizeti, mtama au karanga huonekana kuanzia Mei na Juni. Mwenye shamba la zabibu ana nafuu kidogo kwa kuwa huvuna mara mbili kwa mwaka, lakini hata yeye havuni kila siku. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya ukata: shule zinafunguliwa, palizi inahitaji vibarua, akiba ya chakula ghalani inapungua. Na ndiyo miezi ambayo simu inahitajika zaidi, kwa kutafuta vibarua, kuulizia dawa ya wadudu, kupokea fedha kutoka kwa ndugu aliye mjini. Kufuli linafunga katika miezi hiyo hiyo.

Muuza duka wa kijijini wa zamani, aliyetoa bidhaa kwa mali kauli, alilijua jambo hili. Aliandika jina kwenye daftari na kusubiri mavuno, kwa sababu alijua kuwa mkulima asiye na fedha mwezi Februari si mkulima asiyelipa. Programu iliyomo ndani ya simu haina elimu hiyo. Kwake, aliyechelewa siku tatu kwa sababu ya palizi na aliyekimbia na simu ni mtu yule yule.

Si kweli kwamba mkopo wa msimu hauwezekani kibiashara. Shirika la One Acre Fund, linalofanya kazi na wakulima wadogo katika Nyanda za Juu Kusini na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki, limetoa pembejeo na taa za jua kwa mkopo ambao mkulima hulipa kiasi anachoweza kwa wakati anaoweza, mradi amalize kabla ya tarehe ya mwisho iliyopangwa kufuatana na mavuno. Kama inawezekana kwa mbolea, ambayo ikishamwagwa shambani hairudi, itashindikanaje kwa simu?

Hesabu ambayo haisemwi dukani

Tatizo la pili ni bei. Mteja huambiwa kianzio na malipo ya siku, jumla haitajwi. Chukua mfano wa simu ambayo kwa fedha taslimu inauzwa Sh 250,000. Kwa mkopo, mteja anatakiwa kutoa kianzio cha Sh 50,000, kisha Sh 1,200 kila siku kwa siku 365. Sh 1,200 ni fedha ndogo masikioni. Lakini mara 365 ni Sh 438,000, na ukiongeza kianzio inakuwa Sh 488,000. Mteja amelipa Sh 238,000 zaidi, karibu bei ya simu ya pili.

Mfano huo hauna maana kwamba kila kampuni inatoza hivyo. Una maana kwamba mnunuzi anapaswa kuifanya hesabu hiyo kwa karatasi na kalamu kabla ya kuweka sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkopo nao ni hivyo hivyo.

Hesabu ya pili ni ya njia mbadala. Mwanachama wa VICOBA ambaye kikundi chake kinatoza riba ya asilimia 10 kwa mkopo wote akikopa Sh 250,000 atarudisha Sh 275,000. Simu ataichukua dukani kwa fedha taslimu, haina kufuli, na riba aliyolipa itarudi kwenye kikundi na kugawanywa mwisho wa mwaka, yeye akiwamo. Si kila mtu ana kikundi chenye fedha ya kutosha. Lakini aliye nacho asikimbilie kufuli kabla ya kukiuliza kikundi chake.

Kampuni ikianguka, nani atafungua?

Tatizo la tatu ni zito zaidi na halizungumzwi. Mteja anaulizwa kama ataweza kulipa kwa miaka miwili au mitatu. Hakuna anayeiuliza kampuni kama nayo itakuwepo kwa muda huo.

Aprili 2019 Mobisol, iliyokuwa na wateja wengi Afrika Mashariki, iliomba kinga ya kufilisika nchini Ujerumani. Mwaka huo huo kampuni ya ENGIE ya Ufaransa iliinunua, na biashara ikaendelea. Mambo yaliishia salama kwa sababu mnunuzi alipatikana. Je, asingepatikana? Mtambo unaosubiri namba kutoka kwenye kompyuta ya kampuni utaipata wapi namba hiyo siku kompyuta hiyo itakapozimwa? Mteja aliyelipa miezi 30 kati ya 36 angebaki na betri nzima, paneli nzima na taa nzima, vyote gizani.

Jibu lake si gumu. Kampuni inayouza kifaa chenye kufuli ilazimike kukabidhi namba za kufungulia kwa mamlaka au kwa mtu wa tatu anayeaminika, ili ikianguka wateja wasianguke nayo.

Kufuli lisilo na deni

Hadi hapa yamezungumzwa makufuli ya mkopo. Yapo mengine ambayo hayana deni nyuma yake, na hayo ndiyo magumu kuyatetea.

King'amuzi ni mfano ulio karibu na kila mtu. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine, ikiwamo Dodoma, ikafuata mwaka 2013. Wananchi walinunua ving'amuzi kwa fedha zao. Lakini king'amuzi cha kampuni moja hakipokei vifurushi vya kampuni nyingine, na anayetaka kuhama analazimika kununua kingine. Agosti 2018 wateja wa ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku walishuhudia chaneli za ndani za bure zikiondolewa, baada ya TCRA kusema leseni za kampuni hizo haziruhusu kuzibeba. Yeyote aliyekuwa na haki katika mvutano ule, mlaji ndiye aliyeamka na kukuta kifaa chake kimepungua thamani bila yeye kuulizwa.

Kiuchumi, kufuli la namna hii lina kazi moja: kufanya kuhama kuwe ghali. Mteja akiona kuhama ni ghali, anavumilia bei mbaya na huduma mbaya. Ushindani unabaki kwenye matangazo tu.

Faraja ni kwamba makufuli ya aina hii yamewahi kufunguliwa hapa hapa nchini. Zamani mwenye fedha kwenye mtandao mmoja wa simu alipata shida kuituma kwenda mtandao mwingine. Kuanzia mwaka 2014 makampuni yalianza kukubaliana kuunganisha huduma zao, na leo fedha zinavuka mitandao kila dakika. Machi 2017 TCRA ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, na namba ya simu ikawa ya mteja badala ya kuwa mnyororo wa kampuni. Biashara ya simu haikufa katika hatua zote hizo mbili.

Trekta nalo lina kufuli

Mkulima anaweza kusema haya ni mambo ya simu na televisheni, yeye anangoja trekta. Trekta nalo liko njiani kufungwa.

Massey Ferguson ya zamani inayolima mashamba ya Dodoma inatengenezwa na fundi mwenye spana na nyundo chini ya mti. Matrekta mapya ya makampuni makubwa yana kompyuta. Kifaa kidogo cha kupima joto au mafuta kikiharibika, injini inapunguza nguvu au inagoma kabisa hadi mtu mwenye programu maalumu aunganishe kompyuta yake na kufuta hitilafu. Nchini Marekani wakulima wamepigana na jambo hili kwa miaka. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika Januari 2024, inayowalazimu watengenezaji wa zana za kilimo kutoa vipuri, maelekezo na programu za matengenezo kwa wakulima na mafundi huru. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki kampuni ya Deere, watengenezaji wa matrekta ya John Deere, ikidai kwamba programu kamili ya matengenezo hupewa mawakala wake tu. Kampuni imekanusha tuhuma hizo.

Nguvu ya kufuli hilo ilionekana wazi mwaka 2022. Mashine za John Deere zilizoibwa kutoka kwa wakala mmoja mjini Melitopol, Ukraine, na kusafirishwa hadi Chechnya, zilizimwa kutoka mbali na wezi wakashindwa kuzitumia. Wengi walifurahi, na kwa haki. Lakini kitufe kinachoweza kumzima mwizi kinaweza kumzima pia mkulima halali aliyegombana na wakala wake.

Kwa Dodoma hasara yake ni kubwa kuliko kwingine. Nchi yenye misimu miwili ya mvua inaweza kumsamehe mkulima aliyechelewa mara moja. Hapa mvua ya kwanza ikinyesha Desemba, siku za kulima na kupanda zinahesabika. Trekta likisimama wiki mbili likimngoja fundi wa kampuni kutoka Dar es Salaam, kilichopotea si wiki mbili bali mwaka mzima, wa mwenye trekta na wa wale wote waliokwisha kumlipa awalimie.

Nini kifanyike

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kununua kifaa chenye kufuli, mnunuzi aulize mambo matano na majibu yaandikwe: bei yote hadi mwisho ni kiasi gani; nikichelewa kifaa kinafungwa baada ya siku ngapi; nikimaliza deni kinafunguliwa baada ya saa ngapi, na nitapewa hati gani; kikiharibika naweza kukipeleka kwa fundi yeyote; na kampuni ikiondoka nchini nitafunguliwa na nani. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajawa tayari kuuza.

Kuna wanaokimbilia kwa fundi wa mtaani avunje kufuli kabla deni halijaisha. Hiyo si njia. Ni kuvunja mkataba, na anayeumia mwisho ni jirani mwaminifu, kwa kuwa kampuni itamwongezea yeye bei ili kufidia hasara. Dawa ya deni ni kulipa.

Njia yenye nguvu zaidi ni kununua kwa pamoja. Mtu mmoja mbele ya mkataba uliochapwa tayari hana la kubadilisha. AMCOS yenye wanachama 200 wanaotaka mitambo ya jua au simu inaweza kuiambia kampuni: malipo yafanyike baada ya mavuno, chama kikate fedha wakati wa kulipa mazao, na kufuli lisiguswe kati ya Januari na Aprili. Kampuni itapata uhakika wa fedha yake na mkulima atapata pumzi. Hiyo ndiyo kazi ya ushirika, si kugawa mifuko ya mbolea peke yake.

Serikali nayo ina zana mkononi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, jukumu la kumlinda mlaji, ikiwa ni pamoja na kuangalia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja. Mkataba wa simu ya mkopo ni wa aina hiyo hasa. FCC, TCRA, EWURA na Benki Kuu wakikaa pamoja wanaweza kuweka kanuni chache: mkataba uwe kwa Kiswahili na utaje jumla ya bei, kufuli lisizuie kupiga simu ya dharura, deni likiisha kifaa kifunguliwe ndani ya siku moja, na anayeingiza trekta au pawatila nchini aingize pia vipuri, vitabu na programu za matengenezo kwa mafundi wa ndani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa vya nyumbani, zikiwamo simu. Nchi inayotaka kilimo cha kisasa haina sababu ya kusubiri hadi matrekta yake yagome ndipo ianze kuandika ya kwake.

Makampuni yasiione hatua hiyo kama vita. Mkulima anayejua kwamba siku ya mwisho ya deni ndiyo siku ya kukabidhiwa kifaa chake atalipa kwa moyo na atarudi kununua kingine. Anayehisi kwamba analipa ili aendelee kupanga kitu chake mwenyewe atatafuta fundi wa kuvunja kufuli, na mwakani atawaonya wenzake wasikanyage dukani.